Kinyongo cha Isidori Sulle

Mtu wa kwanza kuja kumwomba Isidori Sulle msamaha alikuwa shemeji yake Agustino, na Isidori hakuwa na habari kwamba amekosewa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa saba, upepo wa mlima Hanang ukitimua makapi uani. Agustino alifika amevaa koti la Jumapili, na kuku mmoja kwapani. Isidori alikuwa amekalia kinu kibovu kilicholazwa, akitazama ukuta wa zizi. Ukuta ule haukuwa na kitu cha kutazamwa. Alikuwa akiutazama tangu jua lilipochomoza.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Nimeamka."

Agustino aliliona jibu hilo kuwa baya sana. Alimweka kuku chini, akakanyaga kamba yake, akachuchumaa.

"Shemeji, nimekuja mwenyewe, sijatumwa na mtu. Ni habari ya yule maksai mwekundu."

"Maksai gani?"

"Yule wako aliyekuwa anachechemea. Hakuteleza korongoni."

Isidori aligeuza shingo kwa mara ya kwanza.

"Ulipolazwa kwa ngiri uliniachia nimwangalie," Agustino alisema. "Nikamkodisha kule Dirma kwa mtu mwenye shamba la alizeti. Wakamlimisha siku tisa mfululizo. Alirudi vile."

"Ulisema aliteleza."

"Nilisema."

"Ukanionyesha na jiwe."

"Nilikuonyesha."

Isidori alilikumbuka jiwe lile. Alipopona alikwenda nalo korongoni na mtaimbo, siku mbili, mpaka akaling'oa, ili lisimvunje ng'ombe mwingine. Lilikuwa jiwe kubwa, na sasa ilijulikana kwamba halikuwa na kosa lolote.

"Sasa kwa nini unaniambia leo?"

"Si umeshajua!" Agustino alikaribia kulia. "Siku ya kupura maharage kwa mzee Hhando nilikupa sigara mbele ya watu. Nilikupa kwa mkono wa kulia, shemeji. Ukasema, 'Leo hapana.' Wiki nzima sijalala. Chukua kuku."

Alisimama, akaondoka haraka kabla hajajibiwa. Kuku alibaki akimtazama Isidori, na Isidori akabaki akimtazama kuku.

Jambo hili lazima lielezwe, maana mtu wa mbali atacheka kabla ya wakati wake. Kijijini kwetu Gendabi, wakulima na wafugaji wamepakana, shamba kwa malisho, na wameazimana mila kama wanavyoazimana jembe. Wote wanakubaliana kwamba matusi ya mzee hayaui. Mzee akishatukana, amemaliza. Wa kuogopwa ni mzee aliyenyamaza. Kinyongo kilichokaa ndani hakingoji maneno. Kinatoka chenyewe kutafuta njia, na kitakachokutana nacho, awe mtoto, awe ndama, kinakichukua. Na mzee mwenye kinyongo anajulikana kwa alama moja: hapokei tumbaku. Chakula atapokea, maana njaa haina adabu. Salamu ataitika, maana salamu ni lazima. Lakini tumbaku hupokelewa kwa moyo. Mzee akiikataa mkononi mwako, nenda nyumbani ukajitafute ulipokosea. Na anayeona huu ni ushamba atueleze kwa nini kwao pia mtu aliyenuna anaogopwa kuliko mtu anayefoka.

Isidori hakuwa na kinyongo. Alikuwa ameacha sigara. Jumanne ile ilikuwa siku ya kumi na tisa.

Alikwenda zahanati kwa sababu ya kikohozi. Wakampima kifua kikuu, wakakikosa. Muuguzi Scolastica alimsikiliza mapafu, akamwambia kwamba ana miaka hamsini na sita nje na themanini ndani, na kwamba asipoacha, hiyo ya ndani ndiyo itakayohesabiwa. Akamwambia na jambo la pili: "Wiki ya kwanza mwili ndio utadai. Baada ya hapo ni moyo, baba. Utapata huzuni isiyo na mwenyewe. Utakasirika bure. Vijana wanaita arosto. Si kurogwa wala si wazimu, ni sigara inatoka. Waambie watu wa nyumbani, wasije wakakuelewa vibaya."

Isidori aliacha siku hiyo hiyo, na hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu. Miaka minne nyuma alisimama kwenye sala ya jumuiya, nyumbani kwa jirani, akatangaza mbele ya Wakristo wenzake kwamba ameacha sigara kwa heshima ya Kwaresima. Walimpigia makofi. Kabla ya wimbo wa kufunga alikutwa nyuma ya nyumba hiyo hiyo akivuta, na aliyemkuta alikuwa katekista. Wanakijiji walicheka mpaka Pasaka, na wengine walivuka nayo.

*

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Siku ya kumi na moja alimfokea binti yake Hilda kwa sababu ugali ulikuwa wa mviringo. Siku ya kumi na tatu alipiga teke ndoo ya maji, ndoo ikapasuka, akakaa chini kando yake akaishika kama mtu aliyeumiza mtoto. Siku ya kumi na sita redio ilitoa tangazo la sabuni, mama akimfulia mwanawe shati la shule, na Isidori akatoka nje. Hilda alimfuata kwa macho dirishani. Baba yake alikuwa ameegemea banda la mbuzi, analia.

"Mama, baba analilia sabuni."

Gaudensia aliendelea kuchambua maharage. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyezoea kuishi na mtu wa maneno mengi. Isidori alikuwa mchekeshaji wa kijiji. Kwenye shughuli yoyote ya kupura au kujenga, watu walifanya kazi kumzunguka, ili wasikose neno. Sasa alikuwa akisema maneno kumi kwa siku, na matano yalikuwa "sina kitu."

"Nimelalamikia moshi miaka ishirini na sita," Gaudensia alisema. "Sasa moshi umeondoka na baba yako ameondoka nao."

"Labda ni sigara yenyewe, mama. Mtu akiacha ghafla inamsumbua. Nilisoma kwenye simu."

"Sigara ni majani. Umeona mtu analilia majani? Huyu amesusa. Baba yako anajua kitu." Aliokota jiwe katikati ya maharage, akalitupa. "Na mimi nakijua."

Jioni ya Jumanne ile ya Agustino, kabla jua halijazama, alimfuata mumewe kwenye kinu. Alisimama mbele yake, mikono ndani ya khanga.

"Baba Hilda, ni mimi."

"Nakuona ni wewe."

"Nilikuwa nazitoa mimi."

"Unatoa nini?"

"Sigara. Kila ukinunua pakiti, ukilala natoa moja. Tangu Hilda ananyonya. Nilisema nikipunguza moja moja, Mungu naye atapunguza kwa upande wake."

Isidori alifumba macho. Kwa miaka ishirini alikuwa akigombana na wenye maduka kwamba pakiti zinakuja pungufu. Mmoja, mzee Nicodemo, mtu mwaminifu, walifikia kutosalimiana mpaka Nicodemo alipofariki. Kwenye mazishi Isidori alitupa udongo kidogo kuliko wengine.

"Ulikuwa unazipeleka wapi?"

"Chooni."

"Zote?"

"Zote, baba Hilda."

Isidori aliwaza zile sigara zote, nzima, nyeupe, kule chini gizani. Gaudensia alisubiri apigiwe kelele. Angefurahi kupigiwa kelele. Mumewe alianza kutokwa na machozi tena, polepole, bila sauti.

"Umenisamehe?"

"Sina kitu na wewe, Gaudensia."

Alimwita kwa jina la ubatizo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya ndoa. Gaudensia aliingia ndani akamwambia Hilda kwamba ndoa imekwisha.

*

Siku ya ishirini na moja alikuja Gidabuday.

Gidabuday alikuwa jirani wa upande wa malisho, mfugaji mrefu aliyejitanda shuka nyekundu, umri mmoja na Isidori kasoro miezi. Kiswahili alikizungumza kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wawili hawa walikuwa wakichekana kila siku kwa miaka mingi: mmoja akimwita mwenzake mla majani, mwingine akimwita mlinzi wa mikia.

Siku hiyo hakumwita mla majani. Alichomeka fimbo yake ardhini, akabaki amesimama.

"Isidori. Mtamba wangu mweupe hali. Siku ya tatu leo. Amelala tu."

"Pole. Umemwita bwana mifugo?"

"Nimemwita. Lakini kwanza nimekuja kwako. Mwezi wa nne, mbuzi zangu ziliingia maharage yako. Mbuzi kumi na nane."

"Wewe ulisema ni nguruwe pori."

"Mimi nilifuta nyayo na tawi. Halafu nilichukua kwato ya nguruwe, ile kavu, nikagonga gonga chini." Alionyesha kwa mkono jinsi alivyogonga. "Nilifanya kazi nusu siku. Nilichoka sana."

Isidori alikumbuka alivyolala shambani wiki mbili akiwavizia nguruwe pori, na jinsi Gidabuday mwenyewe alivyokuja kukaa naye usiku mmoja, na mkuki.

"Ulikuja na mkuki," alisema.

"Nilikuja. Nilikuonea huruma."

Wiki chache nyuma Isidori angecheka mpaka akohoe. Alikitafuta kicheko ndani yake, akakuta mahali pake pametulia, kama duka lililofungwa. Aliona kwamba yote aliyoyaamini kijijini, jiwe, duka, nguruwe, yalikuwa yamepangwa na watu waliompenda, na kwamba yasingejulikana kama angeendelea kuvuta.

"Nimekusamehe," alisema. "Nenda ukamhudumie mtamba."

"Basi pokea." Gidabuday alitoa kichupa cha ugoro, akagonga mfuniko, akamnyoshea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko. Ndivyo anavyopewa mtu anayeheshimiwa.

Harufu ilifika kabla ya kichupa. Mate yalimjaa Isidori mdomoni. Mkono wake uliinuka wenyewe mpaka kifuani, ukakaa hapo, ukashuka.

"Sina kinyongo, Gidabuday."

"Basi pokea."

"Siwezi."

Gidabuday alifunga kichupa taratibu. Aling'oa fimbo yake. Hakuaga, na kwa mtu wa kwao kuondoka bila kuaga jirani ni sawa na kulia. Kesho yake saa nne mtamba alikufa. Bwana mifugo alimpasua akakuta mfuko wa plastiki tumboni, umejiviringa kama kamba. Mzee Hhando, aliyekuwepo, aliutazama mfuko ule akauliza: "Sawa. Na mfuko umeletwa na nani?" Kikao kikapangwa Jumapili baada ya misa.

*

Jumamosi asubuhi Isidori alikwenda zahanati.

"Uliwaambia wa nyumbani?" Scolastica alimuuliza kabla hajakaa.

"Bado."

"Kwa nini, baba?"

"Watacheka."

"Si wacheke?" Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye foleni ya kina mama ishirini nje. "Unalala?"

"Kidogo."

"Unawaza kujidhuru?"

"Hapana. Nawaza kuvuta. Na nawaza kwamba hakuna kitu kizuri tena. Nimepata kuku wa bure, sikufurahi."

"Hiyo itapungua. Wengi mwezi wa pili inaanza kulegea. Ikikuzidi, au yakija mawazo ya kujidhuru, uje hata kama si siku ya kliniki. Hamu ikikupata, simama, tembea, kunywa maji, tafuna hata karanga. Inapanda, halafu inashuka, haikai. Lakini usikae peke yako na ukuta. Ukuta haukusaidii."

"Kesho wananiweka kikao. Lazima nipokee tumbaku, au wanatutenga. Hakuna atakayetupa moto wala kuja kupura. Binti yangu hatateka maji na wenzake."

Scolastica aliacha kuandika. "Chukua, usitumie."

"Kwetu hupokei tumbaku ukaitia mfukoni. Unapokea mbele yao, unatumia mbele yao."

"Na ukitumia mara moja?"

Isidori alitazama viatu vyake. "Mimi sijawahi kuvuta mara moja."

Aliporudi nyumbani alikuta kwenye kigoda kando ya kitanda pakiti mpya ya sigara, na kibiriti juu yake, vimepangwa vizuri juu ya kitambaa kilichofumwa, kama sadaka. Gaudensia na Agustino walikuwa wameshauriana. Hilda ndiye aliyetumwa dukani, akiwa na uso wa mtu anayetumwa sumu.

Isidori alikaa kitandani. Aliivua pakiti karatasi yake ya nje. Alihesabu: zilikuwa zimetimia. Alitoa moja, akaipitisha chini ya pua, kutoka kulia kwenda kushoto, na moyo wake ukafunguka kama mlango, na nyuma ya mlango alikuwepo yule Isidori wa zamani, amekaa, anachekesha watu. Kilikuwa kitu cha dakika moja. Angevuta, angetoka uani, angemwita mkewe mama Hilda, angemtania Agustino kuhusu jiwe, na kesho kikao kingekuwa sherehe. Kila mtu angefurahi. Hakuna mtu hata mmoja Gendabi nzima aliyemtaka Isidori asiyevuta, isipokuwa muuguzi mmoja mwenye foleni.

Kikohozi kilikuja wakati huo, kile cha asubuhi, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Kilipomwachia, sigara ilikuwa imevunjika mkononi.

Alitoka na pakiti. Gaudensia, jikoni, aliisikia kufuli ya mlango wa choo, kisha akaisikia tena.

"Ametupa," alimwambia Hilda. "Zote. Hata sisi hatutaki tena."

"Mama, muulize."

"Nimuulize nini? Mtu mzima hahojiwi huzuni yake."

*

Kikao kilikaa kwenye kivuli cha ukuta wa zizi la mzee Hhando. Mzee Hhando ndiye mkubwa kwa umri, akawa mwenyekiti, ingawa masikio yalikuwa yamemchoka na alikuwa na haraka ya kupeleka madume wawili mnadani kesho yake. Wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine. Katikati waliweka kibuyu cha maji na kichupa cha Gidabuday.

"Mambo ni mafupi," mzee Hhando alisema. "Isidori, watu wamekukosea. Wamekiri. Mtamba amekufa. Wewe tema maji, pokea tumbaku, twende."

Isidori alisimama. Alikuwa amekonda. Alichukua kibuyu, akanywa, akatema maji upande wa mashariki na upande wa malisho, akasema kwa sauti kwamba kama kuna neno baya lolote moyoni mwake limwagike kama maji haya, ng'ombe wa Gidabuday wazae, mbuzi wake wazae, na mlango wa zizi lao ufungwe vizuri. Watu waliitikia. Wachache walitabasamu kwa ile habari ya mlango.

Gidabuday akasogea na kichupa, mkono wa kulia mbele.

"Siipokei," Isidori alisema.

Wanawake waliguna. Gaudensia alijifunika uso.

"Siipokei kwa sababu nimeacha. Sigara, ugoro, vyote. Leo siku ya ishirini na nne. Wakati wote huu sijanuna. Sina hasira na mtu. Sikujua habari ya maksai, wala ya mbuzi, wala..." Alimtazama mkewe, akaruka hiyo. "Nimekaa vile kwa sababu ya sigara. Imeondoka na kila kitu. Naamka nina huzuni, nalala nina huzuni. Muuguzi alisema niwaambie, nikaona aibu. Basi nimewaambia."

Mzee Hhando alimsogezea Agustino sikio.

"Anasema nini?" mzee Hhando aliuliza.

"Anasema ana huzuni ya sigara!" Agustino alimpigia kelele sikioni.

"Ya nini?"

"Ya sigara!"

Ndipo walipocheka. Walianza vijana, wakafuata wanaume, kisha wanawake nyuma ya khanga zao. Agustino, aliyekuwa ametubu bure na kupoteza kuku, alicheka kuliko wote, maana alikuwa na uchungu.

"Nimemkiria mtu mwenye arosto!" alisema. "Jamani, basi tuandae msiba! Tuchimbe kaburi! Tutangaze kanisani: marehemu Sigara ameacha mjane mmoja, Isidori Sulle!"

Watu walishikana mabega. Mtu mmoja aliigiza mwombolezaji, mikono kichwani: "Uuuwi, baba Sigara, umetuachia nani?"

Isidori alibaki amesimama katikati. Alijaribu kucheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka na watu. Mdomo ulikataa. Aliinamisha uso, na mbele ya kijiji kizima, mchana kweupe, mzee wa miaka hamsini na sita akalia kwa sauti.

Kicheko kilikatika kipande kipande. Mwombolezaji alishusha mikono. Hakuna aliyejua pa kutazama. Gendabi wamewahi kuona mzee akipigana, na mzee akilewa, lakini si hili.

Gidabuday peke yake hakuwa amecheka. Utani wa Agustino alikuwa ameufuata neno kwa neno, na kwake haukuonekana kuwa utani. Ulionekana kuwa maelezo. Alikitia kichupa ndani ya shuka.

"Mlikaa wote miaka mingapi?" alimuuliza Isidori.

"Nini?"

"Wewe na yeye."

Isidori alijifuta kwa mkono wa shati. "Thelathini na nne."

"Asubuhi alikuwepo?"

"Kabla ya chai."

"Shambani?"

"Kila nikimaliza tuta."

Gidabuday alifikiri. "Mke wangu wa kwanza, mimi nilikaa naye miaka tisa. Alipokufa nilikaa mwaka mzima sisemi. Watu walinileta maziwa. Hakuna mtu alisema nina kinyongo." Aliwatazama waliokaa, mmoja mmoja, bila haraka. "Thelathini na nne ni nyingi kuliko tisa."

Akahamisha fimbo mkono wa kushoto, akamnyoshea Isidori wa kulia, mtupu.

"Pole sana."

Isidori alikuwa akimwangalia kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. Aliushika mkono ule. "Asante," alisema.

Nyuma ya Gidabuday alisimama Hilda. Hakutakiwa kusimama, hakuulizwa, na alipita mbele ya wanaume bila kuomba radhi. "Pole baba," alisema. Kisha akaja Gaudensia, akamshika mikono yote miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Ungeniambia, baba Hilda," na Isidori akasema, "Ningekuambia, mama Hilda," na Gaudensia aliposikia jina hilo aliibana mikono ile kifuani pake. Baada yao ikabidi wengine wote wainuke, maana mkono wa pole ukishaanza, asiyetoa ndiye anayeonekana. Wakapanga mstari. Mwombolezaji naye akapita, akitazama chini.

Agustino alikuwa wa mwisho.

"Pole shemeji. Nilikuwa natania."

"Asante." Isidori hakuuachia mkono. "Maksai tutaongea."

"Tutaongea, shemeji."

"Na kuku harudi."

Mzee Hhando alikuwa bado anaelezwa. Alipoelewa, alitikisa kichwa kwa muda mrefu, akauliza msiba wenyewe ni wa siku ngapi, maana ana mnada. Isidori alisema muuguzi ametaja mwezi, labda na zaidi.

"Mwezi!" mzee Hhando alisema. "Kumbe marehemu alikuwa mkubwa. Basi watu wapange zamu."

*

Walipanga zamu. Wanawake walileta kuni na vibuyu vya maziwa, kwa sababu mtu haendi msibani mikono mitupu, na hakuna aliyejua mtindo mwingine wa kumtembelea mtu mwenye huzuni. Wanaume walikuja wawili wawili, wakakaa. Mwenye kutaka kuvuta alizunguka nyuma ya nyumba, mbali, upande ambao upepo haurudi, kisha akarudi akisafisha mdomo kwa maji. Wengine walicheka wakiwa njiani kwenda na njiani kurudi. Uani kwa Isidori hawakucheka. Jina la marehemu halikutajwa.

Haikuwa dawa. Jumatano alimfokea Hilda tena, akamwomba radhi kabla chai haijapoa. Alhamisi alitembea mpaka korongoni na kurudi mara tatu, akitafuna karanga, na mtu wa zamu alitembea naye mara zote tatu, akilalamikia magoti.

Ijumaa zamu ilikuwa ya Gidabuday. Alifika saa kumi jioni, akakalia ncha moja ya kile kinu, Isidori ncha nyingine. Ng'ombe wake walikuwa wanashuka kutoka malishoni. Chai ililetwa, ikanyweka, vikombe vikaondolewa. Huo ndio ulikuwa wakati wa hamu mbaya kuliko zote, mara tu baada ya chai, na Isidori alianza kusugua viganja vyake magotini.

"Imekuja tena," alisema.

Gidabuday hakugeuka. Alikuwa akihesabu ng'ombe.

"Ikae," alisema. "Sisi tumeitangulia."

Isidori akajisogeza kidogo, akaiachia nafasi katikati ya kinu.